Betri ya Lithiamu na Alteneta ya Gari

Kambove, mji wa shaba na kobalti ulio jirani na Likasi, umo katika jimbo la Haut-Katanga, ambalo kobalti yake huingia katika betri nyingi za lithiamu duniani. Walakini zile zipendwazo kuendeshea taa na friji za gari la kulala, za chuma na fosfati, hazina kobalti hata chembe.

Atakaye kuijaza betri hiyo kwa injini hana budi kujua tabia yake: ya risasi, kadiri ijaavyo, hupunguza umeme inaoupokea, ilhali ya lithiamu, kwa uchache wa ukinzani wake wa ndani, hufyonza mkondo mkubwa hadi karibu kujaa, na alteneta, hasa gari likisimama injini ikinguruma polepole, hupata joto hata ikaungua. Aidha, kinga ya betri ikikata umeme ghafla, volti huruka zikaharibu dayodi za alteneta.

Dawa yake ni chaja ifungwayo baina ya betri ya injini na ile ya lithiamu, iruhusuyo, kwa mfano, ampea 30 tu. Nyaya ziwe nene, fyuzi iwe karibu na kila betri, wala ya lithiamu isichajiwe penye baridi iliyo chini ya nyuzi 0 za selsiasi.