Namba Moja, Saa Mbili: Vipimo na Makubaliano ya Wanaopimiana

Mtahiniwa mmoja niliyemfundisha hapa Tanga aliwahi kufika kwenye mtihani wa moko saa saba na nusu mchana, amevaa sare iliyopigwa pasi na mkebe wa hesabu mkononi. Aliwakuta wenzake chini ya mwembe wakila mihogo ya kukaanga. Karatasi ya Hisabati ilikuwa imekwisha tangu saa tano. Siku chache kabla alikuwa ameinakili ratiba kwenye simu yake, akaandika "Hisabati 8:00" na kuziacha zile herufi mbili, a.m., kwa kuona hazina kazi. Aliposoma tena akasoma kama alivyozoea nyumbani: saa nane.

Hakukosea namba. Aliinakili sawasawa, na bado habari aliyoibeba ilikuwa nyingine kabisa na ile aliyoiandika mtu wa ratiba. Ukiielewa sababu yake utakuwa umeelewa jambo linaloulizwa katika Fizikia, Jiografia na Uraia kwa sura tofauti.

Kipimo chochote unachompa mwenzako kina sehemu tatu. Kuna namba, kuna kizio, na kuna mahali pa kuanzia kuhesabu. Namba huandikwa. Kizio mara nyingi huandikwa. Mahali pa kuanzia huachwa, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anapajua. Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza: saa moja limepita kuchomoza, mbili, tatu, mpaka saa kumi na mbili jioni linapozama. Hapa karibu na Ikweta usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, ndiyo maana hesabu hii imetufaa. Saa ya kimataifa huanza usiku wa manane. Vizio ni vilevile, saa na dakika. Kilichotofautiana ni sifuri, na tofauti yake ni saa 6 kamili.

Sasa tazama mtego wenyewe. Mtihani wa saa tatu unaoanza asubuhi, kwa Kiswahili ni saa 2:00 hadi 5:00, na kwa saa ya kimataifa ni 8:00 hadi 11:00. Ule wa mchana, kwa Kiswahili ni saa 8:00 hadi 11:00, na kwa saa ya kimataifa ni 2:00 hadi 5:00. Namba ni zilezile, zimebadilishana vipindi! Mtu anayesoma tarakimu peke yake hawezi kujua ni kipindi kipi. Kwa hiyo unapoinakili ratiba usiandike "8:00". Andika "saa mbili asubuhi", kwa maneno. Ukikuta imeandikwa kwa mtindo wa saa 24, toa 6: 14:00 ni saa nane mchana.

Usiku una tatizo la ziada, maana hata siku yenyewe inaweza kuyumba. Mtu akikwambia basi linaondoka "usiku wa Ijumaa saa tisa", mwulize ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi. Usione haya kuuliza.

Katika Jiografia jambo hili linarudi kwa mavazi mengine. Mwaka 1884, wajumbe wa nchi mbalimbali waliokutana Washington, Marekani, walikubaliana kwamba longitudo ya nyuzi 0 iwe ile inayopita Greenwich, London. Hakuna alama ya maumbile inayoifanya Greenwich kuwa sifuri. Ni makubaliano tu, lakini bila hayo kila nchi ingechora ramani yake kwa mwanzo wake. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi 1 kwa dakika 4.

Tanga ipo karibu na nyuzi 39 mashariki. Swali la kawaida: Greenwich ikiwa saa sita mchana, saa za mahali hapa Tanga ni ngapi? Zidisha 39 kwa 4, upate dakika 156, yaani saa 2 na dakika 36. Jibu ni saa nane na dakika 36 mchana. Lakini tazama simu yako wakati huohuo: itakuonyesha saa tisa kamili. Je, simu imekosea? Hapana. Simu inafuata saa za Afrika Mashariki, zilizopangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, nayo ni saa 3 mbele ya Greenwich. Jua halijafika huko. Sisi tumeamua kulifuata kwa pamoja. Kigoma, karibu na nyuzi 30, jua hufika utosini takribani saa saba mchana kwa saa za ukutani, na Tanga takribani saa sita na dakika 24, ingawa dakika hizo husogea kidogo kwa majira. Tungefuata kila mji jua lake, treni ingebadili saa kila stesheni. Swali likitaja "saa za mahali", tumia longitudo. Likitaja "saa za kanda", tumia kanda. Alama nyingi hupotea hapa, na hazipotei kwa kutojua kuzidisha.

Huenda una shangazi Maskati. Oman ipo saa 4 mbele ya Greenwich. Ukimtumia ujumbe saa mbili usiku, kwako utaandikwa 20:00 na kwake 21:00, wala hakuna anayelalamika. Mitambo hutunza wakati mmoja wa pamoja unaohesabiwa kutoka Greenwich, kisha kila simu hugeuza kwa ajili ya mwenyewe. Yaani mashine hazidhani kitu. Wanaodhani ni sisi.

Sifuri ikiwa tofauti, hata kuzidisha kunakataa. Joto la 30°C si mara mbili ya 15°C, kwa sababu sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, si mahali joto linapokwisha. Geuza kuwa kelvini: 303 na 288. Mara mbili iko wapi?

Kizio nacho kina ugomvi wake, na huu ni wa pesa. Zamani pwani hii watu walipima nguo kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Dhiraa ya nani? Mnunuzi angependa kupimiwa na muuzaji mrefu. Leo tuna kilo, lakini mkulima wa mahindi bado huuza kwa "gunia", na gunia likishonewa kilemba juu huitwa lumbesa. Chukua mfano: gunia la kilo 100 kwa shilingi 80,000 ni shilingi 800 kwa kilo. Lumbesa ya kilo 130 kwa bei ileile ni kama shilingi 615. Mkulima ametoa kilo 30 bure, yaani shilingi 24,000, na kwenye daftari pande zote mbili wameandika "gunia 1". Ndiyo sababu sheria inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani na kuibandika alama. Ukiulizwa katika Uraia faida za wakala huu kwa mwananchi, usijibu "kuleta maendeleo". Eleza hizo kilo 30.

Makubaliano yanaweza pia kupatikana kabla watu hawajaelewana kwa jambo jingine lolote. Reli ya Usambara ilianza kujengwa na Wajerumani hapa Tanga mwaka 1893, na ile ya Uganda na Waingereza kutoka Mombasa mwaka 1896. Zote zilitumia upana wa milimita 1,000. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliweza kuunganisha njia yao ya Voi na ya Moshi kwa kupeleka mataruma mbele tu. Reli ya kisasa ya SGR ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo behewa lake haliwezi kuteremka kuja Tanga kwa reli ya zamani. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya.

Jipime: mji upo nyuzi 75 mashariki. Greenwich ikiwa saa 4:00 asubuhi kwa Kiswahili, saa za mahali hapo ni ngapi? Ukipata saa 9:00 alasiri, umepata. Ukipata 3:00, umepata pia, ilimradi umeandika p.m. mbele yake.