Kabla Uparty Diani, Angalia Juu: Mbega Anahesabu Miti Iliyobaki

Siku hizi form ya Diani ikiiva si lazima tusote kwenye foleni ya feri. Unashika barabara ya Dongo Kundu, unavuka daraja la Mteza, unatokea Kibundani, na muda si muda mko Ukunda. Poa sana. Lakini ukiingia ile barabara ya hoteli, angalia juu. Zile ngazi za kamba zinazovuka lami si mapambo. Ni za mbega.

Mbega si yule tumbili wa kukupokonya mkate. Huyu ni mweusi tii, ana manyoya marefu meupe mashavuni na mabegani. Mtoto wake huzaliwa mweupe pe. Hana kidole gumba, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, kwa sababu msosi wake ni majani. Wadigo humwita kuluzu.

Sasa shika hii: Kenya nzima, mbega wa aina hii anaishi kaunti moja tu, Kwale. Ndugu zake wengine wako Tanzania. Ripoti ya watafiti iliyotoka 2007 ilisema walikagua vipande 124 vya msitu, wakampata kwenye 55 pekee. Walikadiria wako kati ya 3,100 na 5,000. Waweke wote Kasarani, viti vingi vitabaki vitupu.

Shida kubwa ni ploti. Msitu ukikatwa kujenga hoteli na keja, kinachobaki ni vipande vipande. Mbega ni wa juu kwa juu, hapendi kutembea chini. Miti ikiachana, inabidi ashuke avuke lami, na hapo ndipo ndai na nduthi humgonga. Akipitia nyaya za stima zisizofunikwa, zinamchoma. Wengine hunaswa na mitego ya waya.

Ndiyo maana tangu 1997 kuna shirika Diani, Colobus Conservation, linalofunga zile ngazi, kukata matawi karibu na nyaya na kutibu walioumia. Misitu ya kaya, kama Kaya Kinondo, nayo inasaidia, kwa sababu wazee hawaruhusu mtu kukata mti ovyo.

Na sisi je? Barabara mpya ikifika mahali, mabroka wa ploti hawachelewi. Kwa hivyo kama mzae wako amenunua shamba kule South Coast, mwambie asing'oe kila mti, hasa ile mikubwa inayogusana. Ukiendesha Diani, punguza mguu. Usimrushie mbega mkate wala chipo, tumbo lake halijaumbwa kwa hizo. Ukimwona ameumia, usimshike, ita hao watu wa Diani ama KWS.

Sisi tumejengewa daraja la mabilioni. Yeye anaomba kamba tu, na mti wa kufikia upande wa pili.