Endometriosisi: kabla hujakubali kupasuliwa

Dawa za maumivu umemeza mpaka umechoka, na sasa daktari ametaja upasuaji. Kabla hujajibu, jiulize: unataka upasuaji ukufanyie nini? Kupunguza maumivu ni kazi moja, kupata mtoto ni nyingine, na wakati mwingine kazi hizo mbili zinagongana.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba inaota nje yake: kwenye ovari, kwenye utumbo, nyuma ya kizazi. Inaleta makovu, na viungo vinagandana. Ajabu ni kwamba wingi wake hauendi sambamba na maumivu. Mwenye madoa mawili anaweza kulala chini kila mwezi, mwenye mengi asihisi kitu.

Zamani ulipasuliwa hata kujua tu kama unao. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umelegeza hapo: picha za altrasaundi au MRI zinatangulia, na hata zikiwa safi daktari anaweza kukujaribisha dawa za homoni kwanza. Kwa hiyo ukiambiwa "tupasue tuone" wakati hayo hayajafanyika, uliza kwa nini.

Kama shida yako ni maumivu na dawa zimeshindwa, upasuaji wa matundu madogo huwasaidia wengi. Ila ugonjwa unaweza kurudi. Kinachopunguza uwezekano huo ni homoni baada ya upasuaji, vidonge au kitanzi chenye homoni, na hizo huwezi kuzitumia huku unatafuta mimba.

Sasa tuje kwenye ovari, maana hapa ndipo watu wengi hawaelezwi vya kutosha. Uvimbe wa huko huitwa wa chokoleti kwa sababu ya damu nzito ya kahawia iliyomo. Daktari akimenya ganda lake, tishu yenye mayai huweza kutoka nalo, na mayai hayaoti mapya. Ukipasuliwa ovari ileile mara ya pili, hasara inaongezeka. Kama unataka mtoto, omba kipimo cha AMH, kinachokadiria akiba ya mayai, kabla ya upasuaji na siyo baada. Na kama unaelekea IVF, kuondoa uvimbe huo siyo lazima kila mara.

(Wale wa "zaa tu, utapona" wapuuze. Mimba si tiba. Hata kutoa kizazi hakuondoi kilichoota nje yake.)

Kuna hali moja ambayo kusubiri ni hatari. Ugonjwa ukibana mrija unaotoa mkojo kwenye figo, figo inaweza kufa kimyakimya, bila maumivu. Basi muulize daktari wako wazi: figo zangu zimeangaliwa? Utumbo umeguswa? Utakata au utachoma? Na umeshafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi?