Watoto Wapate Kucheza: Wajibu wa Wazazi na wa Jumuiya Ndogo Ndogo

Nabii Zakaria, katika sura ya 8 ya kitabu chake, anapoutabiria mji wa Yerusalemu amani baada ya uhamisho wa Babeli, anataja alama mbili zitakazoonesha kwamba Mungu amerudi kukaa kati ya watu wake. Ya kwanza ni wazee, waume kwa wake, walioketi katika njia za mji, kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya wingi wa siku. Ya pili ni wavulana na wasichana wanaocheza katika njia hizo hizo. Katika maono ya nabii, mtoto anayecheza nje bila hofu ni kipimo cha amani ya mji mzima.

Kwa kipimo hicho, mitaa yetu mingi ya Dar es Salaam, Mwanza na Arusha ina deni kubwa. Viwanja vya wazi vimejengwa, uchochoro umekuwa njia ya bodaboda, na kila mwenye uwezo amezungushia nyumba yake ukuta na geti. Mtoto wa miaka minne anaamshwa alfajiri kuliwahi basi la shule, anarudi mchana, anafungiwa ndani pamoja na dada wa kazi, na kinachobaki ni runinga au simu. Wazazi hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanaondoka nyumbani mapema, wanarudi usiku, na wanasikia habari za watoto waliopotea au kudhulumiwa. Hofu yao ina msingi. Swali ni kama kumfungia mtoto ndiyo njia pekee ya kumlinda.

Mama Kanisa hakuanza leo kulitafakari jambo hili. Katika karne ya 13, Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza katika Summa yake ya Taalimungu kama mchezo unaweza kuwa tendo la fadhila, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Anafundisha kwamba kama mwili unavyochoka na kuhitaji usingizi, ndivyo roho nayo inavyochoka kwa kazi ya akili, na pumziko lake ni furaha ya mchezo. Anarudia pia simulizi la kale juu ya Mwinjili Yohane. Watu walikwazika walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, na mwingine tena. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Basi, akasema Yohane, hata roho ya mwanadamu huvunjika isipolegezwa. Ni vema mafundisho haya yakumbukwe na wazazi wanaompeleka tuisheni mtoto ambaye bado hajaota meno ya pili.

Mwalimu huyo wa Kanisa anaweka masharti matatu. Mchezo usiwe na maneno au matendo machafu wala ya kuumiza. Usimfanye mtu apoteze kiasi. Na ulingane na mtu mwenyewe, wakati na mahali. Mzazi anayeyashika hayo matatu hahitaji orodha ndefu ya makatazo.

Sheria za nchi nazo zinasema vivyo hivyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika ibara yake ya 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inauweka mchezo na mapumziko katika wajibu wa mzazi, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku. Kwa mwenye miaka 3 na 4, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia, kuruka na kutoka jasho. Muda wa kukaa mbele ya runinga au simu usizidi saa moja kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, na aliye chini ya hapo asiwekewe kabisa.

Hata hivyo, mtoto hachezi kwa ajili ya misuli tu. Tazama watoto watano wakicheza kombolela. Mmoja analinda kopo, wengine wanajificha, na aliyekamatwa kwanza analalamika kwamba ameonewa. Hapo kuna kesi, mashahidi, hukumu na upatanisho, yote ndani ya dakika tatu, bila mtu mzima kuingilia. Katika rede mtoto anajifunza kutoka nje ya mstari anapopigwa na mpira, hata kama hakuna mwingine aliyeona. Katika mdako anajifunza subira ya kungoja zamu. Wanapojipikilisha kwa vifuu na majani, utasikia maneno yako mwenyewe ya nyumbani yakirudiwa, na si mara zote utafurahi kuyasikia. Mtoto anayecheza peke yake na simu hukosa karibu yote hayo, kwa kuwa simu haimwoneshi uso wa mtu aliyekasirika wala haimdai msamaha.

Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika sura ya 7 ya Wosia wake wa Kitume wa mwaka 2016 kuhusu furaha ya upendo ndani ya familia, aliwaalika wazazi wajiulize ni nani anayewaburudisha watoto wao, ni nani anayeingia vyumbani mwao kupitia vyombo vya mawasiliano, na wanatumia muda wao wa mapumziko pamoja na nani. Papo hapo alionya kwamba kumchunga mtoto kupita kiasi si malezi, kwa maana hakuna mzazi awezaye kuyatawala mazingira yote atakayoyapitia mwanawe.

Kama mtaa hauwalei tena watoto kama zamani, basi wazazi hawana budi kuwakutanisha kwa makusudi. Hapa sisi Wakatoliki tuna neema ambayo mara nyingi hatuitumii: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Familia kumi au kumi na tano zinazosali pamoja kila wiki zinajuana kwa majina, zinajua nyumba ya kila mmoja, na zimekwisha kuzikana na kuozana. Mzazi anayeogopa kumkabidhi mwanawe kwa mtu asiyemjua anao majirani anaowajua. Familia tatu au nne zenye watoto wa umri unaokaribiana zinatosha kuanzia. Zichague siku moja, tuseme Jumamosi saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, na kila juma watoto waende kwa familia moja, kwa zamu. Mama au baba aseme waziwazi: "Mama Fulani, naomba Jumamosi watoto waje kwetu wacheze, nitakuwepo mwenyewe, na saa kumi na moja nitawarudisha." Sentensi hiyo fupi ina mambo yote muhimu: mahali, msimamizi, na saa ya kurudi.

Ugeni huo usigeuzwe sherehe. Tukianza kununua soda na keki, familia isiyo na uwezo itaona aibu zamu yake ikifika, na mpango utakufa kimyakimya. Maji safi ya kunywa, na kama ni msimu, muhogo wa kuchemsha au embe, vinatosha. Mzazi ataje mapema chakula kinachomdhuru mwanawe, na kama mtoto ana pumu au kifafa, aeleze pia la kufanya.

Juu ya usalama tusiwe na haya ya kuuliza. Kabla watoto hawajafika, mwenyeji azunguke uwanja wake kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu. Shimo la maji machafu lifunikwe kwa mfuniko usiosogea. Kisima kifungwe. Ndoo na mapipa yenye maji yaondolewe au yafunikwe, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Jiko la mkaa liwe mbali, na geti la barabarani lifungwe. Watoto wachezee uani au barazani, mahali panapoonekana. Wasijifungie vyumbani, wala wasiachwe peke yao na kijana au mgeni yeyote, hata akiwa ndugu wa damu. Kila mtoto afundishwe kwamba siri inayohusu mwili wake haifichwi kwa mama wala kwa baba. Hatari nyingi za namna hii hutoka kwa watu wanaofahamika, na heshima ya ukoo haipaswi kutufunga midomo.

Parokia nayo ina sehemu yake. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyefariki dunia mwaka 1888, aliwakusanya vijana wa Torino katika oratorio ambamo uwanja wa michezo ulikuwa sehemu ya malezi, sawa na kikanisa na darasa. Aliwataka walezi wawepo uwanjani katikati ya vijana, wacheze nao, wasisimame pembeni kama askari. Parokia zetu nyingi zina uwanja mpana kuliko uwanja wowote uliobaki mtaani, lakini Misa ya pili ikiisha, mtoto akikimbia anakaripiwa, na mara magari yanaondoka, geti linafungwa. Halmashauri ya Walei ikikubaliana na Paroko, Dominika mchana saa mbili zinaweza kutengwa, na walezi wa Utoto Mtakatifu wakishirikiana na wazazi wawili wa zamu wakasimamia. Sheria ya Kanisa yenyewe, inapozungumzia Dominika, inataja pumziko la mwili na akili.

Yupo pia mtoto ambaye hatumwoni uwanjani, wala katika Jumuiya, kwa sababu ana ulemavu na wazazi wake wamechoka kueleza. Wanajumuiya wasimngoje aletwe. Wamfuate kwao siku ya zamu, wakiwa na watoto wao, na mchezo upangwe upya ili naye apate nafasi: katika rede asiyeweza kukimbia anaweza kurusha mpira, na katika kombolela anaweza kulinda kopo akiwa ameketi. Watu wazima wakishaonesha njia mara moja, watoto wenyewe watabuni kanuni nyingine, na mara nyingi kwa haraka kuliko sisi.