Kiingilio cha Mtazamaji: Habari za Jukwaa la Bagamoyo

Neno kiingilio lina matumizi mawili. Katika chama cha ushirika ni fedha anayoitoa mtu mara moja tu, siku anapojiunga, naye akishailipa pamoja na hisa zake huwa mwenye mali na mwenye kura. Mlangoni pa ukumbi wa maigizo ni fedha anayoitoa mtu kila aendapo, na kesho yake hana dai lolote. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini vikundi vingi vya sanaa katika miji midogo huanza kwa shangwe na huishi kwa taabu. Mfano ulio karibu na vyama vya pwani ni ule wa Bagamoyo, mji ulio kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ambao kwa zaidi ya miaka 40 umekuwa makao ya mafunzo ya sanaa nchini.

Watu wa pwani hawakungoja chuo kuwafundisha namna ya kuendesha ngoma kwa michango yao wenyewe. Ngoma ya beni, iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilienea katika miji ya Tanganyika wakati wa vita vya 1914–1918 na baada yake. Mashindano yake makuu yalikuwa kati ya Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na viongozi waliopewa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Vyeo hivyo huenda vikamchekesha msomaji wa leo, lakini chini yake palikuwa na jambo zito: wanachama walichangiana, walimkaribisha mwenzao atokaye mji mwingine, na walizikana. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alivieleza vyama hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Aliyecheza beni na aliyeigharimia mara nyingi walikuwa mtu yule yule, wala haikuwapo haja ya kumsaka mfadhili.

Baada ya Uhuru mzigo huo ulichukuliwa na Serikali. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni, na katika miaka iliyofuata vikaundwa vikundi vya taifa: kwanza ngoma, kisha sarakasi, ambao vijana wake walifundishwa China na kurejea mwaka 1969, na hatimaye maigizo mwaka 1974. Wasanii hao waliajiriwa kwa mshahara. Vikundi hivyo vilipovunjwa, nafasi yake ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa, kilichoanza Bagamoyo mwaka 1981, na baadhi ya wasanii wakageuka walimu. Miongoni mwao alikuwamo Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na ilimba, aliyeishi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Tangu mwaka 1982 Chuo kimekuwa kikiandaa tamasha, na wenyeji wakazoea kuwaona wanafunzi wakionyesha mbele yao yale waliyojifunza.

Mwaka 1983 walimu wa Chuo waliunda kikundi chao, Bagamoyo Players. Wakati huo haukuwa mwepesi. Bidhaa zilikuwa adimu madukani, na mshahara wa mtumishi ulipungua thamani mwezi hata mwezi. Dar es Salaam vilikuwapo vikundi vilivyoishi kwa kiingilio cha mlangoni, kama vile Muungano, vikiwapa watu ngoma, vichekesho, sarakasi na muziki katika usiku mmoja. Njia hiyo huwezekana katika jiji kubwa, ambako watazamaji wa Jumamosi hii si lazima wawe wale wa Jumamosi iliyopita. Katika mji wa wavuvi, wakulima wa minazi na watumishi wachache wa Serikali, watazamaji ni wale wale. Mchezo ukishaonyeshwa mara tatu, mji mzima umekwisha kuuona, na mfuko wa kikundi hurudi kuwa mtupu kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo uhai wa sanaa ya Bagamoyo ulitafutwa pia nje ya ukumbi. Katika miaka hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikuwa wakipeleka sanaa za maonyesho vijijini kwa ajili ya maendeleo. Walianza Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982, na mwaka 1985 kazi hiyo ikafanyika Msoga, kijiji kilichokuwa ndani ya Wilaya ya Bagamoyo. Utaratibu wake wafaa kujulikana na kila katibu wa chama. Wasanii hawafiki na mchezo uliokwisha kuandikwa. Hukaa na wanakijiji, huuliza na kusikiliza, kisha kwa pamoja huchagua matatizo yanayostahili kusemwa hadharani. Malya, kwa mfano, mimba za wasichana wadogo na vijana kukosa kazi yalikuwa miongoni mwa hayo. Wanakijiji wenyewe hushiriki kutunga na kuigiza kwa ngoma na nyimbo wanazozifahamu, na baada ya onyesho hufuata majadiliano. Jambo ambalo mjumbe angeona haya kulitamka mkutanoni husemwa na mhusika wa mchezo, nao wakubwa hulisikia wakiwa wamekaa.

Mchango wa jamii katika kazi ya namna hii hauonekani katika daftari la fedha. Ni saa za jioni baada ya shamba, ni ngoma iliyoazimwa, ni uwanja uliofagiwa, ni sufuria ya chakula. Ukipewa thamani, mara nyingi ungezidi mapato ya mlangoni. Lakini mchango huo haujengi ukumbi, na hapo ndipo penye udhaifu.

Ukumbi wa Chuo ulijengwa kwa msaada wa Sweden. Mwaka 2002 uliungua moto. Ukumbi mpya ulikuja kujengwa, mkubwa kuliko ule wa kwanza, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Chuo chenyewe kikawa Wakala wa Serikali mwaka 2007, kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Shukrani kwa wahisani ni wajibu. Hata hivyo mwanaushirika atauliza: kama wafadhili wasingekuja, jukwaa lingejengwa na nani?

Swali hilo lina historia. William Shakespeare, ambaye Watanzania wengi wanamjua kwa tafsiri za Mwalimu, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hakuwa mtunzi tu. Alikuwa mwenye hisa. Ukumbi wa Globe uliposimamishwa London mwaka 1599, nusu ya hisa zake zilikuwa za ndugu wawili wa ukoo wa Burbage, na nusu nyingine za waigizaji watano, Shakespeare akiwa mmoja wao. Mwaka 1613, katikati ya onyesho, cheche za mzinga ziliwasha paa la nyasi na ukumbi ukateketea. Wenye hisa walitoa fedha zaidi, na mwaka uliofuata ukumbi ukafunguliwa tena, safari hii kwa paa la vigae. Hawakuwa matajiri wote, ila kila mmoja alijua sehemu yake ya faida na ya hasara.

Kikundi cha sanaa katika mji mdogo chaweza kuiga jambo hilo bila kwenda London. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 haikuwekwa kwa ajili ya wakulima peke yao. Kikundi kikiwa na orodha ya wanachama, hisa, daftari la mali na akiba inayotengwa kabla ya kugawana mapato, ngoma zitajulikana ni za nani siku mwalimu atakapohamishwa au mwenye nyumba atakapofunga mlango.

Kwa upande wa vyama vya msingi, makatibu wanaoalika ngoma au maigizo kwenye mkutano mkuu wanashauriwa kuliweka fungu hilo katika makisio ya mwaka na kuliombea idhini mapema. Kikundi kiulizwe kama kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Bei ikubaliwe kwa maandishi, malipo yafanywe kwa kiongozi wa kikundi, na stakabadhi ipokelewe siku hiyo hiyo. Soda na nauli si ujira. Msanii aliyetoka Bagamoyo alfajiri na kucheza juani hadi adhuhuri amefanya kazi sawa na mpimaji wa mazao, na jina la kikundi chake liandikwe katika hati ya malipo kama la mtoa huduma mwingine yeyote.