Moyo Ukienda Mbio Ghafla

Ilikuwa Jumamosi, tukipika kwa ajili ya semina ya akina mama kanisani. Nilipoinama kunyanyua sufuria ya wali, moyo ulishtuka mara moja, kisha ukaanza kwenda mbio kama cherehani. Mimi ni muuguzi, lakini nilipojaribu kuhesabu mapigo nilishindwa. Nilikaa kwenye benchi na kuwaambia wenzangu kwamba nimechoka tu. Baada ya robo saa hivi, mbio zilikatika ghafla kama zilivyoanza.

Nilipofika zahanati kila kitu kilikuwa sawa. Niliambiwa, "Mama, punguza mawazo." Hali hiyo ilijirudia mara nne mwaka huo, na kila mara nilifika nikiwa nimeshatulia. Mama mpendwa, huenda nawe umewahi kuambiwa hivyo.

Moyo hupigaje?

Moyo una umeme wake. Sehemu ndogo iliyo juu, upande wa kulia wa moyo, hutoa amri, na umeme hushuka hadi vyumba vya chini. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Baadhi yetu tuna njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Umeme ukiingia humo huzunguka kama gari lililokwama kwenye kiplefti, na mapigo hufika 150, 200 au hata zaidi.

Si kila moyo unaokwenda mbio una hitilafu hii. Upungufu wa damu, homa, ugonjwa wa tezi ya shingo, kahawa nyingi na baadhi ya dawa za mafua huweza kuuharakisha.

Ni hofu au ni ugonjwa?

Moyo wenye hofu kwa kawaida hupanda na kushuka taratibu. Ule wenye hitilafu kama yangu huwaka na kuzimika kama taa. Hata hivyo, dalili hizi hufanana sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 uliangalia wagonjwa 107 wenye tatizo hili. Zaidi ya nusu hawakutambuliwa walipopimwa mara ya kwanza, na wanawake ndio walioambiwa zaidi kwamba ni wasiwasi tu.

Muuguzi mwenzangu ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Dada, usisubiri ipite. Njoo wakati bado unakwenda mbio." Nilifanya hivyo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo 188, na ugonjwa ukapata jina. Nilipewa vidonge. Daktari alinieleza pia kwamba njia ile ya ziada huweza kuchomwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Hofu iliyobaki

Nilidhani yamekwisha. Moyo ulitulia, lakini mimi sikutulia. Niliacha kupanda daladala, nikakataa kulala nyumbani peke yangu, na usiku nilishika mkono nikihesabu mapigo. Siku moja nilimkuta binti yangu wa miaka tisa kitandani, ameshika kifundo chake cha mkono, anahesabu. Nililia. Nilikuwa nimemfundisha hofu yangu bila kusema neno.

Nilimweleza mume wangu na daktari ukweli wote. Kuogopa si kukosa imani, bali ni jambo linalohitaji msaada kama jeraha lolote. Niliacha kupima mapigo ovyo, nikajizoeza kutoa pumzi polepole. Nilipanda daladala kituo kimoja, kesho yake viwili, hadi nikafika sokoni peke yangu.

Mambo ya kufanya

• Andika siku, saa, ulichokuwa ukifanya, na muda ambao mbio zilidumu. Daftari hilo humsaidia sana daktari.

• Mwombe daktari akufundishe namna ya kuutuliza moyo. Mimi hukaa nikasukuma pumzi kwa sekunde 15, kama mama anayejifungua, kisha hulala chali na miguu kuinuliwa. Usijaribu kabla hujapimwa.

• Usimpe jirani vidonge vyako. Baadhi ya dawa za moyo ni hatari kwa mwenye pumu.

• Nenda hospitali mara moja ukizimia, ukibanwa kifua, ukishindwa kupumua, au mbio zisipokoma. Mjamzito asisubiri. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo yapimwe mapema, kwani huweza kusababisha damu kuganda na kuleta kiharusi.

Bado moyo wangu hushtuka mara chache kwa mwaka. Juzi ulishtuka nikiwa nasuka nywele za binti yangu. Aliniuliza, "Mama, ni ule moyo?" Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Tusubiri kidogo." Nililala chali, yeye akaniinua miguu. Ulipotulia, tukaendelea kusuka.