Kisu cha mfukoni: tusidanganywe na kung'aa kwake



Mara nyingi tunaongea hapa juu ya mbegu, mbolea na bei ya soko. Leo tunaongea juu ya chombo kidogo ambacho karibu kila mkulima anacho, lakini hatukisikie hata siku moja katika mkutano: kisu cha kukunja, kile cha kuweka mfukoni.

Sisi wenyewe tulishafanya kosa juu ya kisu. Tulinunua visu vingi mara moja kwa ajili ya mafunzo ya kupandikiza vikonyo (grefe) vya avoka. Viling'aa kama kioo, na bei yake ilikuwa chini. Siku ya pili, mama mmoja akatuonyesha kikonyo alichokata. Kingo zake zilikuwa zimepondeka na kuchanika. Akasema: «Hii kisu haikate, iko inatafuna.» Mama alisema kweli. Kikonyo kilichopondeka hakishikani na mche, kinakauka. Tulipoteza vikonyo, tukapoteza siku, na pesa ya visu ikaenda bure.

Tangu siku ile hatununui kisu kwa macho tu. Tunakipima kwanza.

Chuma kiko cha aina mbili

Kisu kizuri kimetengenezwa kwa chuma cha pua (asie), yaani chuma chenye kaboni ndani yake. Kaboni ndiyo inafanya chuma kikubali kuwa kigumu fundi anapokipasha moto na kukichovya. Bila kaboni ya kutosha, makali yanajikunja kama bati.

Aina ya kwanza ni chuma cha kaboni. Kinanoleka haraka hata kwa jiwe la mtoni, na kinashika makali mazuri sana. Ubaya wake ni kutu. Ukikiacha na maji usiku mmoja, asubuhi unakikuta chekundu.

Aina ya pili ni inoksi. Hiki kimechanganywa na kromi, kama asilimia 13 au zaidi, ili kisishike kutu haraka. Inoksi iliyotengenezwa vizuri inakata vizuri na inadumu. Lakini inoksi ya bei ya chini mara nyingi haikupashwa moto inavyopaswa: inabaki laini, inang'aa tu.

Viwanda vingine vinatoa aina zote mbili. Kwa mfano Opinel, kisu cha mpini wa mti kinachotengenezwa Ufaransa tangu mwaka 1890, kinauzwa cha kaboni na cha inoksi, na aina inaandikwa kwenye bapa. Lakini tuangalie: neno INOX mtu yeyote anaweza kuliandika juu ya chuma chochote. Maandishi hayakati kamba.

Namna ya kupima bila mashine

Sumaku haitusaidii. Wengi wanasema: «Sumaku ikishika, si inoksi.» Kwa sahani na sufuria nyingi inaweza kuwa kweli, lakini inoksi ya visu inashikwa na sumaku sawasawa na chuma cha kaboni.

Tumia ndimu. Weka tone moja juu ya bapa, ungoje dakika chache. Chuma cha kaboni kinaanza kuwa cheusi au kijivu. Inoksi inabaki vile vile. Hapo unajua aina, lakini bado hujajua uzuri.

Tumia tupa. Pitisha tupa kidogo karibu na mpini, mahali ambapo hapakati kitu. Tupa ikiteleza na kulia, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga kirahisi, chuma ni laini. Usitoe pesa yako.

Tumia kamba na karatasi. Hiki ndicho kipimo tunachokipenda zaidi, kwa sababu kinafanana na kazi ya kila siku. Noa visu viwili kwa jiwe moja mpaka vyote vikate karatasi bila kuichana. Kisha kata kamba moja ya katani mara 30 kwa kila kisu. Rudi kwenye karatasi. Kisu kinachokata bado, hicho ndicho cha kununua. Kile kinachochana kitakuchosha shambani.

Kisu kigumu sana, je?

Hapa wengi tunakosea. Chuma kigumu kupita kiasi kinadumu na makali, lakini makali yake yanavunjika vipande vidogo ukigonga mfupa au jiwe. Tena kikiisha makali, jiwe la mtoni haliwezi kukirudisha. Kwa mkulima aliye mbali na mji, kisu bora ni kile anachoweza kukinoa mwenyewe nyumbani kwa dakika tano.

Wakati wa kunoa, lalisha bapa juu ya jiwe lenye maji, halafu inua mgongo wake kidogo, kama nusu ya upana wa kidole kidogo. Shika pembe hiyo hiyo kwa pande zote mbili.

Tuangalie pia mahali pa kukunjia

Kisu kikijifunga chenyewe wakati unakata, vidole ndivyo vinalipa. Fungua kisu, utikise bapa kushoto na kulia: lisicheze. Halafu gonga mgongo wake taratibu juu ya mti, vidole vikiwa mbali. Kama kinajifunga, kirudishe kwa muuzaji. Na kisu chochote cha kukunja si cha kupasua kuni wala kuchimba. Kazi hiyo ni ya panga.

Moto, jiki na ugonjwa wa migomba

Wanaolima ndizi wanajua mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, tangu miaka ya 2000. Kisu kinabeba ugonjwa huo kutoka mgomba hadi mgomba. Kwa hiyo ua la dume tuliondoe kwa mti wenye panda, si kwa kisu. Na kila chombo kilichogusa mgomba kisafishwe kabla ya kugusa mwingine.

Lakini wengine wanaweka kisu ndani ya makaa mpaka kinakuwa chekundu. Hapo viini vinakufa, na kisu nacho kinakufa. Makali yakibadilika rangi na kuwa ya buluu, ugumu umeshatoka, na kunoa hakuurudishi. Pitisha bapa juu ya moto mpaka lisigusike kwa mkono, kisha litoe. Kwa kisu chembamba cha mfukoni, afadhali jiki: kipimo kimoja cha jiki kwa vitano vya maji. Jiki inakula chuma, hata inoksi. Kazi ikiisha, osha kisu kwa maji safi, kikaushe, ukipake mafuta kidogo, na tone moja mahali pa kukunjia.

Kabla koperative haijatoa pesa

Tunawashauri hivi: msinunue visu arobaini kwa siku moja. Nunueni viwili vya aina mbili, muwape wanamemba wawili wavitumie wiki mbili shambani, kisha wavilete katika mkutano. Wekeni mezani kamba, karatasi na tupa. Kila mtu apime kwa mkono wake, mama na baba, mzee na kijana.

Pesa ya koperative ni jasho la wengi. Kisu kinachostahili jasho hilo ni kile ambacho baada ya wiki mbili bado kinakata.